Pindo la Sentimita Mbili

Kichwa cha treni kilikuwa na uzito wa kilo nane, na mwenye nacho alikuwa ameshakiangusha mara moja. Mara hiyo moja ilitosha.

Alikuwa akikitoa sebuleni kukipeleka bustanini, kama alivyozoea, na pale kizingitini mkono wake wa kulia ukaanza mambo yake. Mkono huo ulikuwa ukitetemeka tangu alipougua. Bomba la moshi lilipinda, ngazi ya dereva ikang'oka, na kigae kimoja cha sakafu kikapasuka. Aliokota ngazi, akaitazama, akaiweka mfukoni. Kuanzia siku hiyo kichwa hakikuingia tena ndani. Kililala nje juu ya reli, chini ya karai.

Watu walimwita Milimita. Jina alilipata kwenye karakana ya kukereza vyuma, alikofanya kazi mpaka akastaafu, na ambako alirudisha kazi ya mtu kwa tofauti ya nusu milimita. Hakugomba. Aliweka kipande mezani, akasema "Hapana," akaenda zake. Wenzake walisema Milimita akifa, kaburi lake litapimwa mara mbili na kurudishwa mara moja. Utani huo ulimfikia, naye hakuona kasoro ndani yake.

Reli zake zilizunguka bustani nyuma ya nyumba. Zilipita chini ya kamba ya nguo, kati ya matuta ya mchicha, kisha zikakata kona kali kwenye ukuta wa jirani, ambapo nafasi ilikuwa finyu. Kichwa alikitengeneza mwenyewe kwa kipimo cha moja kwa ishirini, wakati mkono ulikuwa bado mkono. Magurudumu yote yalipita kwenye mashine yake. Kwa sura kilikuwa cha moshi. Kwa kweli kiliendeshwa na betri, na remoti ilitosha kukifanya kiende, kirudi na kupiga honi.

Mdogo wake, wakala wa bima, alikuja Jumapili moja akalifunua karai.

"Kaka, sasa nasema kama wakala, udugu tuuweke pembeni. Hii mali iko hatarini. Imeshaanguka, na mvua ziko mlangoni. Wewe unaifunika karai kama kuku anayeatamia!"

"Karai halivuji," Milimita alisema.

"Maji yanapita chini. Tazama ekseli hii. Kutu hiyo. Nipe mimi. Nina kabati la kioo sebuleni, lina hata taa ndani. Kila mgeni atakiona."

Mke wa Milimita alikuwa akianua nguo. Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa duka lake la kushona sare, na hata akiwa bustanini shingo yake haikuachana na futi ya kamba.

"Kikikaa kabatini kitafanya nini?" aliuliza.

"Kitapendeza, shemeji."

"Hata wewe zamani ulikuwa unapendeza. Nani alikuweka kabatini?"

Wakala alicheka, lakini hakuondoa mkono wake kwenye kichwa cha treni. Alikipenda kweli. Hilo Milimita alilijua, na ndilo lililofanya hoja iwe nzito. Kubeba hawezi. Mkewe ana mgongo wa kuinamia cherehani mchana kutwa. Chuma kikibaki nje kitaliwa. Aliyapanga mambo hayo kichwani, akaona yamenyooka.

"Nitakijengea banda pale pale relini," alisema. "Kiingie chenyewe, bila kuguswa na mtu. Mvua ya kwanza ikikuta hakijaingia, ni chako."

"Neno?"

"Neno."

Mkewe aliweka kibanio cha nguo mdomoni.

Kuchora Milimita aliweza bado, kwa rula nzito na mkono wa kushoto ukiukandamiza wa kulia. Kukata hakuweza. Jaribio la kwanza lilimalizikia kwenye kidole gumba. Mkewe alikifunga kidole kwa kitambaa cha sare ya bluu, akauvuta mchoro upande wake wa meza.

"Bati gani hili?"

"Alumini. Mabati ya kuchapishia magazeti, yaliyotumika. Hayapati kutu."

Alichukua mkasi wake wa pili, ule wa karatasi, akakata pembe ya bati. Lilikatika kama kitambaa kigumu cha kola.

"Basi hii ni kazi yangu," alisema. "Wewe kaa hapo utoe amri. Si ndiyo unayoipenda?"

Banda lilichukua jioni zao nyingi. Matofali ya ukutani aliyachora mkewe, safu kwa safu, kwa kalamu iliyokwisha wino, bati likiwa juu ya gazeti lililokunjwa ili mistari izame. Mabati ya paa yalipata migongo yake kwa kubanwa kati ya sindano za kufumia. Madirisha yalitoka kwenye chupa ya maji. Upande wa mbele haukuwa na ukuta: ulikuwa ni milango miwili mipana na, juu yake, kipande cha pembetatu kilichobeba paa.

Ugomvi ulizuka kwenye kipande hicho. Milimita alikipima kilipokuwa bado bapa, akakisukuma katikati ya meza.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nilisema upana sentimita kumi na nne. Kichwa kina kumi na mbili, moja huku, moja huku. Hiki kina kumi na nane."

"Kina kumi na nne na mshono."

"Bati halina mshono."

"Litashikana na ukuta kwa nini, kwa kupendana? Sentimita mbili kila upande nazikunja ndani, nazipiga skrubu. Kwa nje utapata kumi na nne yako, hata ulete hakimu."

"Nusu sentimita inatosha kwa skrubu."

"Kwa skrubu, sawa. Mbili ni za kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Mteja ananenepa."

"Banda halinenepi."

"Bwana Milimita," alisema mkewe, na jina hilo alilitumia tu pale alipokuwa amefika mwisho, "mimi sijawahi kukata kitu kwenye mstari wa mwisho. Sitaanza leo kwa sababu ya treni."

Alikunja. Milimita alipima kwa kalipa, ile koleo ya kupimia aliyotoka nayo karakana. Kumi na nne kamili, mbele na nyuma.

Siku ya majaribio mawingu yalikuwa yameshuka tangu asubuhi. Wakala wa bima alifika na boksi kubwa la friji lililojazwa vipande vya godoro, na akaliweka pembeni kwa adabu, kama mtu aliyekuja msibani na mkeka wake.

"Boksi la nini?" aliuliza shemeji yake.

"Tahadhari. Ndiyo kazi yangu."

Banda lilisimama mwisho wa reli, kwenye kona ya ukutani, mahali pekee palipokuwa na urefu wa kutosha. Milango ilikuwa wazi. Milimita alibonyeza remoti. Kichwa kikatoka chini ya kamba ya nguo, kikapita mchicha, kikapunguza mwendo kwenye kona. Kikaingiza pua. Kisha pembe yake ya kushoto ikagonga ukingo wa ukuta wa banda, ikatoa sauti ndogo ya kijiko kikigonga sahani, na magurudumu yakazunguka bure.

Alikirudisha nyuma. Alikileta tena, polepole. Kikagonga palepale.

Alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana kosa alikwisha kuliona. Reli ilikuwa ikiingia bandani kabla kona haijakwisha. Kitu kirefu kikipita kwenye kona, tumbo lake husogea ndani na pembe zake hutoka nje. Mwanagenzi wa mwaka wa kwanza angelisema hilo. Lakini yeye alikuwa amekipima kichwa juu ya meza, kimenyooka, kimetulia. Maisha yake yote chuma alichokipima kilikuwa kimebanwa kwenye mashine. Kilizunguka, lakini hakikuwahi kwenda popote.

Alisimama, akazima remoti, akampa mdogo wake.

"Kimegonga. Chukua."

"Kaka, ngoja kwanza—"

"Nilitoa neno. Hakiingii. Boksi lako liko wapi?"

Wakala alilitazama boksi, akamtazama shemeji yake. Sasa alipopewa, hakuwa na haraka ya kupokea.

"Neno lilikuwaje?" aliuliza mke wa Milimita.

"Unalijua."

"Liseme."

"Mvua ya kwanza ikikuta hakijaingia, ni chake."

Mkewe alinyoosha kiganja juu, akakiacha hapo muda kidogo, akawaonyesha wote wawili. Kilikuwa kikavu.

"Basi hapa hakuna kesi. Hapa ni siku ya kujaribu nguo. Mteja kavaa, imembana kwapa. Ndiyo tunamfukuza dukani?"

"Kipande kinapita au hakipiti," Milimita alisema.

"Huko kwenu. Kwangu kila mtu ana bega moja lililoshuka, na hatumgombezi. Tunaachia upande ule." Alichomoa chaki mfukoni. "Kimezidi kiasi gani?"

Hilo lilikuwa swali la kipimo, na swali la kipimo Milimita hakuweza kuliacha bila jibu. Alimwambia aibandike chaki kwenye pembe ya kichwa kwa utepe. Waliweka kadibodi kando ya reli. Kichwa kilipita kwenye kona taratibu, na chaki ikachora njia yake yenyewe. Milimita alipima kutoka kwenye mstari.

"Kinatoka sentimita moja na milimita tisa. Tuliacha moja. Upande wa ndani kinasogea milimita saba tu, huko hakuna tatizo."

"Nikiachia moja na nusu upande wa kushoto?"

"Kitapita. Lakini banda litakuwa limekwenda upande."

"Litakuwa limekwenda upande."

Mkewe alikwisha kuanza kufungua skrubu. Kipande cha pembetatu kilitoka, na ukuta wa nyuma, na paa. Kote alikuwa ameacha pindo lake la sentimita mbili, hata kwenye mlango wa kushoto. Alishika koleo ili akunjue la kwanza, ndipo Milimita akamshika mkono.

"Usiliguse."

"Nini tena?"

"Alumini ikishakunjwa inakuwa ngumu pale pale. Ukiikunjua hivyo inakatika, na huna bati lingine la matofali. Lazima ilainishwe kwa moto. Moto ukizidi inayeyuka, na haitakuonyesha dalili. Haiwi nyekundu kama chuma."

"Sasa utajuaje?"

"Sabuni."

Wakala alitumwa ndani kuleta kipande cha sabuni ya kufulia. "Wakala mzima natumwa sabuni," alisema, lakini alikwenda mbio, na alirudi nacho pamoja na jiko dogo la gesi. Milimita alisugua sabuni juu ya mkunjo. Kwa kazi hiyo mkono unaotetemeka haukuwa na kosa. Ulisugua vizuri kuliko mwingine. Mkewe alipitisha bati juu ya moto, huku na huku.

"Bado," Milimita alisema. "Bado. Inakuwa kahawia. Bado. Imekuwa nyeusi, toa."

Alitoa. Lilipopoa alilikunjua kwa vidole tu, likalegea kama shuka. Kisha akalikunja upya, nusu sentimita kutoka ukingoni. Penye mkunjo wa zamani palibaki mstari mweusi uliosimama katikati ya matofali kuanzia juu mpaka chini.

"Hilo kovu litabaki," Milimita alisema.

"Litabaki."

Walifanya hivyo kwa kila kipande. Ngurumo ya kwanza ilisikika wakiwa kwenye mlango, na wakala, ambaye hakuwahi kushika bisibisi kwa hiari yake, alikuwa amepiga magoti kwenye mchicha akiwashikia paa.

"Shemeji, fanya haraka basi!"

"Unaharakisha ukikose kichwa?"

"Hebu niache. Skrubu iko wapi?"

Milimita aliwasha remoti. Kichwa kilikata kona, kikaingiza pua, kikapita kwenye ukingo kwa nafasi ya upana wa ukucha, na kikaendelea mpaka bafa zake za kuzuia mgongano zikagusa ukuta wa nyuma. Hakuna aliyekigusa. Wakala alipiga kofi moja, akaona hakuna anayemuunga mkono, akashusha mikono.

"Sawa," alisema. "Kabatini nitaweka vikombe." Akaliendea boksi lake.

"Boksi liache," shemeji yake alimwambia. "Kadibodi nzuri hiyo. Nitakatia sare za mwezi ujao."

Milimita alikuwa ameinama mbele ya banda na kalipa yake. Alipima upande wa kushoto mbele, akapima nyuma, akarudi mbele tena. Tofauti ilikuwa nusu milimita. Mkewe alisimama nyuma yake akijifuta chaki kwenye gauni.

"Hapana?" aliuliza, akiiga sauti ya mumewe.

Milimita aliifunga kalipa, akaitia mfukoni, ambamo ngazi ya dereva ilikuwa bado inasubiri gundi.

"Matone hayo," alisema, akafunga milango ya banda, wa kulia kwanza, kisha ule mpana.