Ringi Nne za Maungio

Lipu ilikuwa imebanduka pale kwenye kona ya mlango mkubwa, boriti inapoingia kwenye nguzo, nami nilisimama mbele yake mguu mmoja peku, kiatu mkononi, nikiikodolea macho kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Ardhi ilikuwa imetulia. Mjomba alikuwa bado hajatoka ndani.

Miaka sita kabla ya asubuhi ile jengo hilo lilikuwa mifupa mitupu, na mimi nilikuwa mkunja ringi. Shule nilikomea darasa la saba. Mjomba, aliyenilea, alikuwa msimamizi wa mafundi nondo, akaniweka kwenye benchi la kukunjia zile pete za mraba zinazozibana nondo za nguzo zisitawanyike. Mafundi waliniita Sindano kwa wembamba wa mkono wangu.

Nilikunja kwa idadi ya kwenye mchoro. Lakini kila nguzo ilipofungwa, ringi nne zilinirudia. Nguzo ya kwanza nne, ya pili nne, ya tatu nne. Nikapanda kutazama. Chini ya boriti ringi zilijipanga vizuri, na juu yake pia. Pale katikati, kwenye maungio, hapakuwa na hata moja. Nondo za nguzo na za boriti zimesongamana, mkono wa mwanamume haupenyi. Mafundi wameziruka.

"Mjomba, kwenye maungio hakuna ringi."

"Zege litajaza, mama. Tundu gani limewahi kulishinda?"

"Na ardhi ikitikisika?"

"Ikitikisika tutakuita uje ushikilie."

Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, nikarudi kwenye benchi langu, moyo ukinikwaruza.

Zege lilikuwa limwagwe kesho yake. Asubuhi injinia akaja, akauliza kama kila kitu tayari, macho yake yakiwa kwenye makaratasi. Mjomba akasema tayari.

"Bado," nikasikia sauti yangu.

Injinia alipanda, akatia vidole katikati ya nondo, akashuka. Zege likaahirishwa. Kwa kuwa ringi nzima haikuweza tena kuingia, nilikunja za nusu mbili, kila nusu ikipitia upande wake, zikaumana kwa ndoano. Siku tisa nilizifunga mwenyewe, mkono ukizama hadi kiwiko na kutoka umechanika.

Mjomba hakunisemesha. Mezani alimwambia mkewe, "Mwambie huyo asogeze chumvi," na chumvi iko mbele yangu, na mimi niko mbele yake.

Jengo lilipokwisha akapewa kazi ya kulitunza, pamoja na chumba cha chini cha kuishi. Salamu zilirudi, hata utani. Habari ya maungio hatukuigusa.

Tetemeko lilinikuta mtaa wa pili. Nilikimbia, kiatu kimoja kikanivuka nikakishika mkononi, nikapita ghala la jirani: paa lilikuwa limelalia sakafu, nguzo zimechomoka kwenye boriti zake kama meno mabovu. Nikakunja kona, na jengo letu likawa pale. Kuta za matofali zimepasuka, vioo vimemwagika mlangoni, na ghorofa zote nne ziko juu ya nguzo zake. Watu walikuwa wakitoka, wakikohoa.

Kwenye kona ile zege lilikuwa na nyufa nyembamba za kupishana, na kipande kimoja kimemeguka. Ndani yake niliiona ringi. Ndoano ilikuwa bado imeuma.

Mjomba alitoka wa mwisho, amemshika mkono bibi wa ghorofa ya pili, wote wawili weupe kwa vumbi. Nilikuwa na mengi ya kusema.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

"Marahaba."

Alimkalisha bibi ukingoni mwa barabara, akarudi, akapitisha kidole juu ya ile ringi, polepole.

"Hapa ziliingia ngapi?"

"Nne."

"Mm."

Akanitazama miguuni. Akachukua kiatu mkononi mwangu, akakikung'uta, akakiweka chini mbele yangu.

"Vaa, Sindano," akasema, na yeye hakuwahi kuniita hivyo. "Kuna vioo."