Mstari Kwenye Ngano ya Jirani

Kazi ya Verla Tostrud siku za mavuno ilikuwa kukaa. Tangu nyonga yake ianze kumsumbua, mwanawe Corwin alimpokonya kombaini, ile mashine ya kuvunia, akampa trekta kuukuu lililofungwa nyuma haro, lile jembe la sahani za kutifulia udongo, akamwambia aliegeshe kwenye mabua yaliyokwisha kuvunwa na kuangalia moshi. Basi. Kila shamba la bonde la Tessler huwa na mtu wa namna hiyo mwezi wa nane: mzee mwenye mgongo mbovu, au mkwe asiyeaminiwa kupewa mashine kubwa, ameketi kwenye kiti cha moto na chupa ya chai baridi, akiomba siku ipite bila yeye kufanya kazi yoyote. Ni kazi ya kusinzia ambayo huruhusiwi kusinzia, na Verla aliichukia kwa moyo wake wote.

Mvua ya mwisho walikuwa wameshaisahau. Joto lilikuwa la kumfanya mtu avikasirikie hata viatu vyake. Ukishika komeo la lango bila glavu, utajuta. Ngano ilikauka mapema mwaka huo, mashuke mepesi, punje zimesinyaa, na wakulima wakikutana kwenye maghala ya mjini walizungumza kidogo na kutazama angani sana. Aliyebahatika alikuwa mmoja tu, Delmar Imhoff, jirani wa Verla wa upande wa mashariki. Nyuma ya kilima chake kulikuwa na kibonde ambamo theluji hukawia kuyeyuka, na humo ngano ilisimama nzito, imejaa, utadhani ukame ulipita njia nyingine. Mashamba yake mengine yalikuwa bure. Kila mtu alijua kwamba mwaka huo Imhoff na mkewe Noreen wanakitegemea kibonde kile peke yake. Kikienda kibonde, wameuza kila kitu na kuhamia kwa binti yao mjini.

Verla alilijua hilo kwa kuambiwa na wengine, kwa sababu yeye na Delmar walikuwa hawasemezani. Kisa ni mnada. Marehemu Einar, mume wa Verla, aliinua mkono kwenye mnada wa shamba ambalo ukoo wa Imhoff ulikuwa umelikodi tangu enzi za babu yao. Sheria haikumkataza. Lakini watu wa kule wana mambo yao ambayo sheria haiyajui, na mojawapo ni hili: shamba analolima jirani likiuzwa, mikono yako unaitia mfukoni. Einar aliitoa. Shamba akalipata, na tangu siku ile nyumba mbili zikaacha kupelekeana chakula. Hawakutukanana, kule hawana tabia hiyo. Wakipishana barabarani Delmar alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, Verla naye kimoja, kila mtu akaenda na vumbi lake. Hata Einar alipokufa, kidole kilibaki kimoja.

Ubaya wa kununiana kwa adabu ni kwamba mnachungana kuliko marafiki. Ng'ombe wa Tostrud hakuwahi kukanyaga jani la Imhoff. Verla mwenyewe akigeuza trekta mpakani aligeuza kwa kubana mno, asije akalaza hata bua moja la yule bwana. Ndugu ukimharibia unamwambia samahani na yanaisha. Mtu mliyenuniana utaanzia wapi kumwambia?

Siku moja Corwin alikuwa akivuna shamba lile lile la mnadani. Asubuhi wakulima walipigiana simu kama kawaida, wakakubaliana kwamba upepo ukianza tu, kombaini zote zisimame. Upepo ulikuwa haujaanza. Corwin alikuwa amebakiza kipande cha magharibi, na Verla alikuwa akipigana na usingizi, pale kisu cha kombaini kilipogonga jiwe kwenye majani makavu. Cheche ngapi zilitoka hakuna ajuaye. Moja ilitosha.

"Mama, moto," Corwin alisema kwenye redio, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Verla alikuwa ameshauona. Ulikuwa moshi mwembamba, wa kuzimwa kwa fulana, na Corwin alikuwa ameshashuka na mtungi wake wa kuzimia moto. Kisha upepo ukaja kutoka magharibi, kana kwamba nao ulikuwa ukingoja simu, na moto ukamruka Corwin ukaelekea mpakani, kwenye mteremko wa Imhoff.

Hapo hata mtoto wa bonde lile angekuambia la kufanya. Moto unaopanda kilima haukimbizwi. Unautangulia kileleni, unapiga haro mkanda wa udongo mtupu huko juu, na mteremko wote unauacha uungue. Ukifika juu moto hupungua nguvu, ukikuta udongo unakufa. Unatoa mteremko, unaokoa kilicho nyuma ya kilima. Na nyuma ya kilima hiki kulikuwa na kibonde cha Delmar.

Verla aliyajua hayo yote. Aliwasha trekta, akavuka mpaka, na mbele yake ngano ya jirani ikawa imesimama mpaka usawa wa kiuno, kavu, inasuguana kwa upepo. Kupanda kileleni maana yake ni kupasua katikati ya shamba la Imhoff na kuutoa kafara mteremko mzima bila kumuuliza mwenyewe, tena atoe yeye, mke wa Einar. Akapinda kushoto, akaishusha haro pale pale mpakani, akalima kandokando ya shamba, akijipa moyo kwamba akiwahi, mkanda mwembamba utatosha na yule bwana atapoteza kidogo tu. Alikuwa na haya, na haya si kitu cha kupanda nacho kwenye trekta.

Moto haukujali adabu zake. Hajafika hata nusu ya mpaka, joto lilimpiga ubavuni akashindwa kuvuta pumzi, na miali ikapita juu ya mkanda wake kama mtu anayeruka mfereji. Bomba la mpira lililopeleka mafuta ya kuinulia haro likaungua likapasuka. Aligeuza, akakimbilia mahali palipokwisha kuungua, akazima injini. Alipoinua macho aliona trekta jingine juu kileleni, haro imeshuka, linalima mahali pale pale ambapo yeye alitakiwa awe. Alikuwa Delmar, peke yake. Mkanda wa urefu ule unataka matrekta mawili, kila moja lianze mwisho wake wakutane katikati. Delmar alilima sehemu kubwa na moto ukafia miguuni pake, lakini upande wa kusini ulimzunguka, ukamwagikia kibondeni.

Majirani walifika na matangi ya maji kutoka kila upande. Kufikia saa ya chakula walikuwa wameuzima, barabarani kabisa, ng'ambo tu ya nyumba ya Imhoff. Nyumba ilipona. Kibonde kilikuwa cheusi mpaka mwisho wa macho.

Baadaye watu wakakaa kwenye kivuli cha lori, wakala mikate ya nyama na matango ya siki waliyoletewa, nyuso zimejaa masizi. Wazee walimpiga Corwin begani wakamwambia jiwe ni jiwe, lingeweza kumpata yeyote. Hakuna aliyemlaumu Verla. Walimletea maji, wakamuulizia nyonga yake, na kila neno la upole lilimchoma. Laiti mtu mmoja angemfokea.

Delmar alikuwa ameketi peke yake nyuma ya pikapu, amevua viatu kwa sababu soli zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Trekta lake liliegeshwa hapo kando. Verla akapiga moyo konde, akamwendea.

"Moto umetoka kwangu, Bwana Imhoff. Nimekuja kukuomba radhi."

"Jiwe halina mwenyewe," Delmar alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa moshi. "Hilo sina neno nalo. Ila nina swali, Mama Corwin. Haro unaijua. Einar ndiye aliyekufundisha, na Einar nilimfundisha mimi. Kwa nini uling'ang'ania mpakani?"

Angeweza kusingizia moshi, au nyonga. Alifikiria vyote viwili.

"Sikutaka kukuharibia ngano yako."

"Na ingekuwa ya Corwin?"

"Ningepanda juu bila hata kufikiri."

Delmar akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo tayari. Verla alisimama pale akingoja aambiwe anachostahili. Hakuambiwa. Mzee aliangalia vidole vya miguu yake, vyeupe chini ya suruali nyeusi, na alipoanza kusema hakumtazama.

"Mimi nilikuwa juu pale tangu asubuhi. Kila mnapovuna shamba hilo huwa nakaa nyuma ya kilima na haro, mahali msiponiona. Leo moshi niliuona kabla yako."

Verla hakuelewa mara moja. "Sasa mbona hukuanza kulima?"

"Ulikuwa umeshaanza wewe. Nikasema nikianza juu, utaona nakudharau, nakuonyesha kwamba kazi huijui. Nikangoja kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichokula kibonde."

Mbele ya moto Verla hakukasirika. Sasa alikasirika, hasira ya kweli, ya kupanda mpaka masikioni.

"Ulikaa ukaniangalia?"

"Nilikaa."

"Kwa ajili ya adabu?"

"Kama wewe."

Verla akaketi kando yake bila kukaribishwa. Mbele yao kilima kizima kilikuwa kinafuka. Alimuuliza kama watahama, na Delmar akasema kwamba Noreen ameshampigia binti yao simu, na kwamba yeye mwenyewe hajui, asiulizwe leo.

"Tungekuwa tunatukanana kama watu wa kawaida," Verla alisema, "kibonde chako kingekuwepo."

Delmar alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda kuisha.

Jioni ilipokaribia watu wengi walikuwa wameshaondoka. Wachache walibaki kuchunga visiki, kwa kuwa moto wa ngano hukubali kufa kwa mdomo tu. Upepo uligeuka, sasa ukavuma kutoka mashariki, na nguzo ya mpaka iliyokuwa ikifuka tangu adhuhuri ikaanguka. Makaa yalitimka yakavuka mabua. Kabla mtu hajamaliza kupiga ukelele, ile ngano ambayo Corwin alikuwa hajaivuna ilikuwa imeshika. Ilikuwa imepanda mwinuko mdogo, na nyuma yake yalifuata mashamba yote ya Tostrud yaliyosalia, mpaka nyumbani.

Trekta la Verla lilikuwa limekufa, bomba lake la mafuta limepasuka. Tangi la maji lililo karibu lilikuwa limeenda kujazwa. Verla alisimama na kugeuka, na Delmar hakuwepo tena kando yake. Alikuwa ameshapanda trekta lake peku.

Alipita mbele yao wote kwa kasi ambayo Verla hakuwahi kumwona nayo. Alivuka mpaka, na haro ilikuwa ingali juu. Akafika penye ukingo wa ngano, mahali ambapo mtu mwenye haya angeishusha, akapapita. Akaingia ndani, akazidi kuingia, mabua yakilala mbele ya magurudumu, mpaka juu ya mwinuko, katikati kabisa ya ngano ya watu. Hapo ndipo alipoishusha. Sahani zikazama, vumbi jekundu likainuka, na mashuke ya Tostrud yakaanza kwenda chini ya udongo, mstari mrefu, mpana, ulionyooka. Akafika mwisho, akageuza, akarudia kuupanua. Wale wachache waliobaki waliacha kazi wakatazama, maana wote walikijua kisa cha mnada.

Corwin akaja anakimbia, anatweta, uso mweusi, macho yamemtoka.

"Mama, kalima katikati! Nusu nzima kaiacha upande wa moto."

"Naona."

Moto ulikula nusu ile. Uliila haraka, kwa kelele, ukapanda mwinuko mpaka juu, ukakuta udongo. Ukayumba huku na huku ukitafuta pa kupita, ukawa mfupi, ukawa moshi. Upande wa pili ngano ilisimama, na mbali zaidi bati la nyumba yao likaonekana likimeta juani. Delmar alikuwa bado anapita na haro juu ya mkanda, taratibu sasa, hajamtazama mtu.

"Hata kuuliza hajauliza," Corwin alisema. "Katupita hapa kama hatupo. Hata kugeuza shingo!"

"Hajauliza," Verla alisema. "Kalima kama ngano yake."

Corwin akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa analia waziwazi mbele za watu, machozi yanachora njia kwenye masizi, naye hakujisumbua kuyafuta.