Mtumaji: Eusebio Tarango

Jumatatu saa mbili asubuhi Verlene Stoltz aliweka kahawa yake juu ya kitambaa, akafungua kompyuta, akawatumia mameneja ratiba ya mafunzo ya usalama. Dakika nne baadaye Dale Haugen, meneja mkuu wa kiwanda cha nyama ya nguruwe, aliingia ofisini ameshika bega, damu ikimchuruzika hadi kiwikoni.

"Umenitumia tena kwa jina la Eusebio, Bi Verlene."

"Samahani, bosi. Nilichagua anwani ya ofisi ya usalama, nina hakika."

"Hakika yako imenichania shati la pili wiki hii."

Verlene alimpa taulo kutoka droo ya chini. Kila aliyefungua barua pepe iliyotoka kwa Eusebio Tarango alichanika pale pale msumeno namba nne ulipompasua Eusebio mwezi wa Februari, kutoka bega la kushoto hadi ubavuni. Muuguzi wa kiwanda alishona nyuzi sita kwa barua ya kawaida, tisa kama ilikuwa na kiambatisho.

Januari, Eusebio alikuwa ameandika kwamba msumeno wake hauna kinga. Verlene aliupeleka ujumbe kwa mafundi saa ile ile, ila kompyuta ilikuwa imebaki kwenye anwani ya kwaya ya kanisa la Kilutheri, kwa kuwa alikuwa ametoka kuwakumbusha wanakwaya nani analeta viazi vya kuoka Jumapili. Kompyuta ya mafundi hupokea maombi kutoka anwani ya ofisi ya usalama tu. Mengine huyatupa. Baada ya mazishi, Haugen alimwagiza aiunganishe akaunti ya marehemu na zake, waone alichoandika kabla mawakili hawajakiona. Tangu hapo kila alichotuma Verlene kilitoka kwa jina la marehemu.

Sasa kwenye namba nne alisimama Marisela, binti wa kaka mkubwa wa Eusebio. Kinga bado haikuwepo.

Verlene hakuwa mtu wa papara. Alibadilisha anwani ambayo kompyuta huichagua yenyewe. Aliifuta akaunti ya Eusebio. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa imerudi. Aliandika upya nywila zote, akajitumia barua ya majaribio, akaifungua. Alijifunga taulo, akaandika kwenye daftari: jaribio la kumi na moja, halikufaulu.

Aliwapigia mafundi simu.

"Kwa simu hatupokei, mama. Andika."

"Nimeandika mara sita."

"Tumeona. Zimetoka kwa mfu. Na Curtis wetu, anayekagua zilizotupwa, ameshonwa mara sita."

Akaenda kwa Haugen. "Bosi, agiza wewe hiyo kinga. Yule msichana yuko pale."

"Nisimamishe kazi kwa saa mbili kwa ajili ya ombi lisilo na anwani sahihi? Wakija wakaguzi niwaambie nini? Tengeneza kwanza kompyuta yako."

Jumatano Marisela alimkuta kwenye mashine ya kahawa, aproni yake ikinuka mafuta.

"Bado tu, Bi Verlene?"

"Bado. Kesho najaribu njia nyingine."

"Baba mdogo alikuwa mbishi hata akiwa hai. Mwambie anipishe, mimi naogopa lile dude."

"Nimemwambia."

Alhamisi saa tano msumeno uliuchukua mkono wa kulia wa Marisela juu kidogo ya kiwiko. Aliita jina la baba yake mdogo mara mbili. Damu iliruka hadi kwenye saa ya ukutani, na alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika barabara kuu. Kazi ilisimama dakika kumi na moja, sakafu ikapigwa maji ya moto.

Verlene alimtumia Haugen habari ya kifo kwa mistari miwili, akaandika taarifa ya ajali kwa utaratibu, akaambatisha ombi la kinga. Kisha alifungua orodha ya watumaji. Akaunti zilikuwa nne: yake, ya ofisi, ya kwaya, ya Eusebio. Sasa zilikuwa tano. Alilisoma jina la tano, akachagua ya ofisi, akaikagua mara mbili kabla ya kutuma.

Haugen alichungulia mlangoni. Alikuwa amejifunga bandeji begani, na nyingine mpya juu ya kiwiko cha kulia.

"Tuma tu," alisema. "Halafu nitafutie mtu wa namba nne kesho."