Foleni ya Wenyewe

Bomba la joto chini ya dirisha lilianza kugonga, ko, ko, ko, kama lifanyavyo kila alfajiri mvuke unapopanda kutoka chini ya jengo. Nilikuwa macho tayari, nimelala ubavu gizani, na mwanangu Tulia amejibana mgongoni kwangu. Nilikuwa nawaza kwamba kwa saa za London sasa jua limeshapanda, na mume wangu Naftali ameshatoka uwanja wa ndege, pengine yumo ndani ya treni anatazama nyumba za watu wake dirishani.

Simu ikalia.

"Mama Tulia," alisema. "Usiogope."

Mtu akikuambia usiogope kabla hujauliza kitu, ujue lipo la kuogopa. Niliketi kitandani.

"Uko wapi?"

"Bado niko uwanjani. Wamenitoa kwenye foleni."

"Foleni gani?"

"Ya wenyewe." Alikohoa. "Kuna foleni ya wageni na foleni ya wenyewe. Nikasimama ya wenyewe. Dada mmoja akaifungua pasipoti, akaisoma, akaniomba nikae pembeni. Wana adabu sana, Mama Tulia. Kila neno wananiita bwana."

"Wanasemaje?"

"Wanasema pasipoti ni halali. Kwamba mimi ni Mwingereza, ndiyo, lakini wa aina ambayo haina ruhusa ya kuingia Uingereza hivi hivi. Nikamwuliza, sasa mimi nina ruhusa ya kuingia nchi gani? Akasema hajui, atamwuliza mkubwa wake."

"Na mkubwa wake?"

"Naye hajui. Wananirudisha nilikotoka. Jioni nitakuwa hapo Minneapolis, kama wa hapo watanipokea."

"Na wasipokupokea?"

Nikasikia mtu akimwita bwana, na simu ikakatika.

Nilibaki nimeishika mkononi. Nje kulikuwa giza totoro, na kioo cha dirisha kilikuwa kimeganda barafu kwa ndani. Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na sita, siku ile shule za jimbo zima zilifungwa kwa sababu ya baridi.

Naomba mnielewe kuhusu Uingereza wa mume wangu. Baba yake, Sajini Jotham Chirwa, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Alitoka Nyasaland na bunduki ya mfalme, akaishia Nairobi, na Naftali akazaliwa huko kabla ya uhuru. Kenya ilipopandisha bendera yake, watu kama wao, ambao wazazi hawakuzaliwa Kenya, walipewa miaka miwili wakajiandikishe kuwa raia. Mzee hakwenda. Inasemekana alisema, "Nimemtumikia mfalme, nikamtumikia na binti yake, leo nikapange mstari kwa karani?" Miaka miwili ikapita. Nyasaland nayo ikawa Malawi, ikahesabu watu wake, na yeye hakuwemo. Alichomwachia mwanawe ni hiyo pasipoti ya Uingereza yenye simba na farasi wa pembe moja.

Na Naftali aliipenda. Asubuhi kabla ya kazi alisikiliza redio ya London. Saa kumi jioni, wenzake ofisini wakinywa kahawa, yeye alikunywa chai ya maziwa. Hata mimi nilijivuna, sitaficha. Nilipompigia mama kule Bukoba kumwambia nimepata mchumba Mwingereza, aliuliza kwanza, "Mweupe?"

"Hapana, mama. Mweusi kama sufuria letu."

"Sasa huo Uingereza wake uko wapi?"

"Uko kwenye pasipoti, mama."

"Haya," alisema mama. "Mungu awajalie huo Uingereza ukae humo humo."

Krismasi ilipokaribia, kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ya uhandisi kule mji wa Eden Prairie ilipunguza watu, naye akapunguzwa. Viza yake ilikuwa imefungwa kwenye kazi ile kama mbuzi kwenye kigingi, na ya kwangu imefungwa kwake. Mwenye nchi nyumbani mwetu alikuwa Tulia peke yake, kwa kuwa alizaliwa hapa. Lakini Naftali hakuonekana kuogopa. "Tunahamia London," alisema, kama mtu anayesema tunahamia ghorofa ya pili. Yeye atatangulia, atafute chumba na kazi, sisi tutafuata.

Jirani yetu Kemunto, ambaye hutunza wazee kwenye nyumba moja hapa hapa Saint Louis Park, kitongoji chetu pembeni ya Minneapolis, alimwambia akiwa amekaa kwenye kochi letu na soksi zake za kazini, "Bwana DC, mkoloni wetu, piga kwanza simu kwa ubalozi wenu uulize."

"Mtu habishi hodi kwao," Naftali alimjibu.

"Ai! Kwetu Kisii ukirudi usiku unabisha. Usipobisha unakatwa panga na ndugu yako mwenyewe."

Tulicheka sote, na Naftali akacheka kuliko sisi. Hakupiga simu.

Asubuhi ile, baada ya simu, Tulia aliamka. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba baba anarudi leo, akanijibu kwa Kiingereza, ndiyo desturi yake: "Amesahau kitu?"

"Ndiyo," nilisema.

Nilimkorogea uji. Nikamwaga uji mwingine pembeni ya bakuli, nikafuta, nikamwaga tena. Kichwani nilikuwa nampitisha Naftali nchi moja baada ya nyingine, na kila mlango ulifungwa. Kenya si yake. Malawi hajawahi kuikanyaga. Kwetu Tanzania, mwanamume akioa mgeni mkewe anaweza kuomba uraia, lakini mwanamke akiolewa na mgeni, mumewe anabaki mgeni. Amerika ilikuwa imemwambia kazi imekwisha, na leo Uingereza imemwita bwana ikamtoa kwenye foleni. Nilimwona anarushwa huku na huko angani, na tai yake shingoni, mpaka ndege ziishe mafuta. Mwalimu wetu wa darasa la jioni la Kiingereza hutuambia tatizo likiandikwa vizuri limeshatatuliwa nusu. Nilichukua kalamu. Niliandika jina lake, nikaishia hapo.

Kemunto alikuja mchana, akipiga viatu mlangoni vitoke theluji. Nilipomaliza kumweleza hakutania.

"Uko na mpango gani?"

"Nakwenda uwanjani."

"Dativa, tulia kwanza. Viza yako ni ya kwake. Wakimfungia yeye, wewe unaenda kuwaonyesha uso wako ufanye nini? Wakikushika, huyu mtoto nani atamlea? Mimi? Mimi hata paka nilishindwa naye."

"Wakiuliza kama ana mtu, waambiwe hana?"

"Mimi nitasimama pale. Nitasema ni kaka yangu."

"Wewe hujui kudanganya, Kemunto. Unacheka."

Aliangalia chini, akasugua magoti yake. "Basi nita-drive," alisema. "Hii gari yako na hii baridi haitawaka. Mvalishe mtoto suruali mbili."

Jioni tukaondoka kwenda uwanjani. Moshi wa magari ulikuwa hauondoki, umesimama tu juu ya barabara. Kwenye kila taa nyekundu niliomba, na taa ilipobadilika nikaomba tukute nyingine, ili tusifike upesi. Kemunto alikuwa anautazama mkono wangu, nao ulikuwa ndani ya mkoba umeishika pasipoti yangu.

Abiria wa ndege ya London walianza kutoka. Kwanza wale wenye mikoba ya kazi, halafu familia, halafu bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Kila mlango ulipofunguka Tulia alijinyoosha. Wakatoka marubani. Wakatoka wasichana wa ndegeni, wanaburuta visanduku vyao na kucheka. Mlango ukafungwa, haukufunguka tena. Mtu wa usafi akaanza kupiga deki pale pale tuliposimama, tukasogea, akatufuata, tukasogea.

"Pengine amekosa ndege," alisema Kemunto.

Sote wawili tulijua aliyekuwa kwenye mikono ya maofisa hakosi ndege.

Ndipo kipaza sauti kikaita jina la Chirwa, limetamkwa vibaya kiasi kwamba Kemunto ndiye aliyelitambua. Familia yake ifike mlango wa mwisho. Kemunto alinishika kiwiko. "Bado unaweza kuondoka," alisema kwa sauti ya chini. "Gari iko karibu."

Niliutoa mkono wake taratibu. Nikamshika Tulia mkono, tukaingia, Kemunto nyuma yetu.

Nyuma ya mlango kulikuwa na kaunta, na nyuma ya kaunta ofisa mtu mzima mwenye masharubu ya mvi. Nyuma yake, upande wa pili wa kioo, alikaa Naftali. Koti lilikuwa magotini. Tai bado ilikuwa imekaza shingoni. Alikuwa anatazama sakafu.

"Wewe ni mke wake?"

"Ndiyo."

"Naomba karatasi zako."

Nikampa. Aliipekua pasipoti yangu ukurasa mmoja mmoja, akarudi nyuma, akapekua tena. Nikamvuta Tulia ubavuni kwangu, nikafikiria kumkabidhi kwa Kemunto sasa hivi, kabla ofisa hajainua kichwa.

"Unajua kwamba kazi yake imekwisha?"

Ningeweza kusema sijui. "Najua," nilisema.

Alipumua, akanisukumia pasipoti yangu. "London hawamtaki. Tangu alipotua nazungumza nao. Sijui nimrudishe kwa nani, na siwezi kumlaza kwenye kile kiti." Alisugua macho. "Nitamruhusu aingie kwa mwezi mmoja, halafu afike ofisini kwetu ajieleze kwa wakubwa. Siahidi kitu kingine. Lakini lazima nijue nampeleka wapi. Nimemwuliza kwao ni wapi, nikarudia, nikarudia. Hajibu. Ananitazama tu."

Nilitazama kioo. Naftali, ambaye swali hilo hulijibu hata halijamalizika, alikuwa ameinua uso na kutuona. Hakupunga mkono.

Nikataka kutaja mtaa wetu, namba ya jengo, ghorofa. Kiingereza chote cha darasa la jioni kikanikimbia, na Kiswahili nacho kikafuata. Ofisa alikuwa ameshika kalamu, anasubiri.

Tulia aliuachia mkono wangu. Akasogea mpaka kwenye kaunta, akasimama kwa ncha za vidole mpaka kidevu kikafika ukingoni.

"Yeye anakaa na sisi," alisema.