Sauti ya Ishirini na Mbili

Basi limeshaanza kuuacha Mto Yordani, na mahujaji kutoka milima ya Upare bado wanachuruzika maji, maana wameingia mtoni na kanzu zao nyeupe kama walivyokusudia tangu nyumbani. Mwinjilisti Kadeva, kiongozi wao, amesimama katikati ya viti, anasema tufumbe macho tuhesabiane. Ndivyo wanavyohesabiana tangu uwanja wa ndege, macho yamefumbwa, kila mmoja anaitika nipo, na Kadeva anahesabu sauti, hahesabu nyuso, anasema hata Mungu huwajua kondoo wake kwa sauti. Wako ishirini na wawili. Mzee Elieskia anaitika nipo. Mapajani amepakata khanga ya marehemu mkewe, Nakijwa, ameichovya mtoni sasa hivi kwa sababu mama wa watu alikufa akiutamani mto huu, na uchungu unampanda kwamba hakuna mahali popote jina lake linapoitwa tena. Basi anabana pua na kuitika mara ya pili, kwa sauti nyembamba, nipo. Ishirini na wawili, anasema Kadeva, Bwana asifiwe, dereva kanyaga mafuta. Joto linapiga kwenye kioo, khanga inampoza magoti, na usingizi unamchukua mzee kama mtu anayeshushwa kisimani taratibu.

Barabara imenyooka, haina mwanzo. Nakijwa amekaa kiti cha pembeni, nywele zimelowa. Baba Naetwe, anamwambia mumewe, kaka yangu yuko wapi. Elieskia anatazama kiti cha mbele, kiti cha shemeji yake Zefania, anaona pama yake inaning'inia, chini ya pama hakuna kichwa. Hapo anakumbuka. Kule mtoni Zefania alikuwa akishuka chini zaidi na dumu lake, akimcheka, shemeji, wewe umeridhika na khanga, mimi nabeba dumu zima, Mpare haachi maji ya bure. Hakumwona akirudi. Anainuka, anajikokota hadi kwa mwenye kuongoza njia, aliyekaa karibu na dereva, na yule anapogeuka hana uso, pana weupe tu kama ukuta uliopakwa chokaa. Geuzeni basi, anasema Elieskia, tumemwacha mtu. Yule asiye na uso anasema, kitendawili. Elieskia anasema, tega. Mdomo mmoja, watu wawili. Watu wote ndani ya basi wanamgeukia. Elieskia jibu analijua, liko pale pale kwenye ulimi, lakini kulitamka ni kukiri mbele ya usharika mzima kwamba amedanganya katikati ya maombi. Anasema, sijui. Basi nipe mji. Na nje ya dirisha Yeriko imesimama, na chini yake Yeriko nyingine imepinduka kama kivuli ndani ya maji, na katika lango la ule uliopinduka Zefania amesimama na dumu, kichwa chini miguu juu, anapunga mkono, shemeji, ngojeni. Nakupa Yeriko, anasema mzee. Yeriko inazimika kama koroboi iliyopulizwa, ya juu na ya chini, na barabara inaendelea, imenyooka, haina mwanzo. Kitendawili. Tega. Mdomo mmoja, watu wawili. Sijui, nakupa Bethlehemu, na Bethlehemu inazimika na lango lake na yule mtu wake. Nakupa Nazareti. Nakijwa anasema, Baba Naetwe, si useme. Nitasema nini mbele za watu, mke wangu, niliitika kwa ajili yako. Kwani mimi nilikuomba uniitikie, anasema Nakijwa, na anajifunika khanga uso mzima. Umebaki mji mmoja, anasema asiye na uso. Elieskia anaona migomba yake, mfereji unaopita nyuma ya nyumba, kaburi lenye msalaba wa saruji. Nakupa kwetu, anasema. Kunazimika.

Anafumbua macho. Basi linapanda milima. Khanga bado mbichi. Pama inaning'inia kwenye kiti cha mbele, inayumba kila penye kona. Labda Zefania amehamia nyuma, huko kuna kivuli. Angegeuka angejua, hageuki. Umelala vizuri, mzee wetu, anauliza Kadeva. Nimelala, anajibu, na mdomo unabaki wazi, maana mbele juu ya kilima Yerusalemu inatokeza, watu wanaanza kuimba, naye hana hakika kama huu ni mji wa kweli au ni mmoja wa ile ya ndotoni, na anaogopa kwamba akisema neno moja utazimika. Anafunga mdomo.

Zefania alionekana kesho yake kando ya barabara, alikuwa amelifuata basi kwa miguu. Joto lilimuua. Dumu lilikuwa limejaa hadi kwenye kizibo, maji hakuwa ameyagusa. Maji yale yalinyunyizwa kwenye kaburi lake. Kadeva sasa anahesabu watu macho wazi, akiwagusa mabega. Waliobaki walirudi wote, wakatoa ushuhuda madhabahuni. Hakuna aliyeuliza ile sauti nyembamba ilikuwa ya nani. Elieskia yu hai. Kila asubuhi anatoka uani kuangalia kama kijiji kipo. Kitendawili hajakitegua.