Bibie Hatoki Hapa

Dada yangu alinipa hadi Jumamosi. "Nikija Jumamosi nisimkute huyo mdudu," alisema, akaondoka na funguo za kabati, utadhani kinyonga angeiba vitambaa.

Duka la ushonaji ni lake, sikatai. Jina lake liko juu ya mlango na mimi niko kwenye cherehani, mwaka wa kumi huu. Lakini Bibie, kinyonga huyo, ni wangu. Nilimwokota siku jirani alipokata ua wake wa miti, nikamshonea tundu kwa neti iliyobaki kwenye shela za maharusi. Mteja mmoja alipomwona alikimbia na kitambaa chake, eti kinyonga ni mkosi. Mkosi! Nguo za mama yule nilikuwa nimezipanua mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Hilo nalo alilileta kinyonga?

Kisha Bibie akaanza kunenepa. Tumbo likamjaa vinundu, akawa anapanda kijiti huku akipumzika kila hatua. Muuza dawa za mifugo wa mtaa wa pili aliniambia bila hata kumwona, "Atataga huyo. Mwekee mchanga wenye unyevu, afukue." Nikachekecha mchanga, nikajaza ndoo. Bibie hakuutazama. Siku ya nne akagoma kula, na dada akapata la kusema.

"Anakufa huyo. Mtupe mapema, usije ukalia mbele ya wateja."

"Hafi."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Na wewe je?"

Ijumaa niliacha suruali ya watu mezani nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo, mama mmoja asiyecheka ovyo. Alimpapasa tumbo kwa kidole, nikamweleza habari ya ndoo, akacheka mpaka akavua miwani. "Mchanga wa nini? Aina hii haitagi, inazaa. Watoto wamo humu na hawako mbali. Mwekee matawi mengi, mnyunyizie maji. Akishazaa mtenge nao, anaweza kuwala."

Nikarudi nikamwaga mchanga wote. Nikaongeza matawi, nikajaza maji chupa tunayonyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Maganda ya ndizi mbivu nikayaweka kwenye mtungi, yavute vile vijidudu vinavyorukaruka juu ya matunda, ili watoto wapate chakula.

Jumamosi asubuhi dada aliingia Bibie akiwa anazaa. Alitembea taratibu kwenye tawi, akadondosha kitu chenye utelezi, akasonga, akadondosha kingine. Kimoja kilipenya pembeni ya neti kikaanguka sakafuni, hakitikisiki. Dada akachukua ufagio.

"Si nilikuambia? Vinatoka vimekufa."

Nikaweka mguu mbele ya ufagio. "Nifagie na mimi."

"Unanivunjia heshima kwa ajili ya kinyonga?"

"Nilipokuwa na mimba, dada, ulinihamishia chumba cha nyuma ili wateja wasinione. Miezi mitano nilishona nikitazama ukuta. Nilinyamaza, na niliumia. Binti yangu ana miaka tisa sasa na bado naumia. Leo sinyamazi."

 Miguuni petu kile kifuko cha ute kikajinyoosha, kikapasuka. Akatoka kinyonga mzima, hafiki hata urefu wa njiti ya kiberiti, kila jicho likizunguka upande wake, akaanza kuupanda ufagio. Dada hakuutikisa.

Walikuwa kumi na saba. Niliwahamishia kwenye ndoo safi yenye matawi, nikafunika kwa neti, nikawanyunyizia maji wakalamba matone. Kisha nikambeba Bibie na tundu lake, amesinyaa hajiwezi, nikamweka kwenye dirisha la mbele, pale dada anapotundika gauni zuri kuliko yote. Gauni nikalipeleka ndani.

"Hapo hapana," dada alisema. "Wateja watatukimbia."

"Wakimbie."

Kabla hajanijibu, bi harusi aliyekuja kujaribu gauni lake alisimama mlangoni, mkono kifuani. "Jamani, kuna nini hapo dirishani?"

Dada alinitazama. Nami nilimtazama yeye, wala sikuinamisha macho.

"Kuna mzazi," nilimjibu mteja. "Anayeogopa apitie mlango wa nyuma."