Miezi Minane Dirishani

Tekla alipasuliwa mgongo Dar es Salaam, Agosti 1974, mwaka mmoja baada ya kuteleza na mzigo wa kuni kwenye mteremko wa juu ya Ipogolo. Madaktari walikata kipande cha mfupa wa nyonga wakaungia pingili mbili zilizovunjika. Miguu iliyokuwa imekufa ganzi ikaanza kusikia. Alirudi nyumbani amevikwa plasta ngumu kutoka kwapani hadi kiunoni, akaishi nayo miezi minne, akijikuna kwa kijiti.

Plasta ilipokatwa alidhani amefunguliwa. Sivyo. Evarista, mama mkwe wake, aliyekuja kusaidia, alikuwa ameshika jiko. Kila Tekla alipogusa mwiko alinyang'anywa taratibu.

"Kaa tu, mwanangu. Daktari amekataza."

Alikaa kwenye kiti alichotengenezewa na mumewe Bartholomeo, fundi seremala. Kiti kizuri, chenye egemeo lililonyooka, kimewekwa dirishani. Kutoka hapo aliyaona malori ya Zambia yakipita barabara kuu, mchana kutwa. Baba mkwe akija, hakuruhusiwa kupiga magoti kumwamkia. Alimsalimia akiwa ameketi, macho chini kwa aibu. Regina, binti yake wa miaka mitatu, akiumia alimkimbilia bibi. Siku moja alimwita bibi "mama", wala hakuna aliyemsahihisha.

Oktoba 1975 mke na mume walipanda basi kwenda Mbeya, alikokuwa amehamia daktari aliyempasua. Kutoka Nyololo hadi Uyole, Bartholomeo alimshika bega kila basi lilipokata kona.

Daktari aliinua picha ya eksrei kwenye mwanga. "Mfupa umeshika vizuri sana. Umeridhika, mama?"

"Ameridhika sana," akasema Bartholomeo.

"Namuuliza yeye."

Tekla alifikiri. "Maumivu yamepungua. Natembea. Kwa hilo nashukuru. Lakini, dokta, huku kukaa kutaisha lini?"

"Kukaa kupi?"

"Si ulisema nisipike, nisifagie?"

Daktari akavua miwani. "Mizigo mizito, hapana, siku zote. Mtoto mgongoni, hapana. Lakini kupika na kufagia ulitakiwa uanze miezi sita baada ya kupasuliwa. Niliandika kwenye karatasi, nikampa mumeo."

Tekla hakujua kusoma. Alimgeukia Bartholomeo, naye alikuwa anatazama kofia yake mapajani.

"Niliisoma," akasema. "Februari ilipofika niliogopa. Mama naye akasema tungoje kidogo."

"Mmengoja miezi minane," akasema daktari.

"Nilikubeba kwenye machela, Mama Regina. Nilikufinya mguu hukusikia. Sikutaka kuyaona tena."

Tekla alinyanyuka, akatangulia kwenda kwenye basi. Alikuwa na hasira, na kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuweza kusema mwanaume huyu hampendi.

Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya Evarista, akachukua fagio, akatoka uwanjani. Mgongo haukukunjika, mahali palipoungwa palikuwa kama ubao. Ilibidi akunje magoti na kuinamia nyonga, na fagio lenyewe lilikuwa fupi. Alifagia kidogo, akasimama, akafagia tena.

Evarista akatoka na kanga yake mabegani. Akashika mpini wa fagio.

"Nipe, mwanangu."

"Hapana, mama."

Wakabaki wote wawili wamelishika. Bartholomeo alisimama mlangoni akiwatazama. Mwishowe Evarista aliachia, lakini hakuondoka. Alimfuata Tekla nyuma, hatua kwa hatua, mikono ameinyoosha tayari kumdaka.

Tekla alitaka kumwambia arudi ndani. Alipogeuka akaona mama huyo analia, akashindwa. Akaendelea kufagia. Jua lilipochomoza alikuwa amefika nusu ya uwanja, na alijua kesho atafagia hivyo hivyo, na keshokutwa, akifuatwa.